Mshipa Uliopasuka Ndani ya Marashi

...usikohoe, Bujiku, meza hilo kohozi, daktari wa mifugo kasema hata mlio wa ndoo unaweza kumwua, mshipa mkubwa unaolisha mji wa mimba umepasuka wakati farasi huyu, Marashi, anazaa, na nje hakuna hata tone, hilo ndilo linaloniudhi, fizi zake nyeupe kama ugali wa mhogo, vidole vyangu chini ya taya lake vinasikia damu ikidunda mbiombio, na yote inamwagikia ndani nisikokuona... na mimi niliyerudi vitani Burma, Mgiriki akanipa farasi wake niwatunze hapa Didia kwa ajili ya huu mdomo, maana mnyama gani nikimsemesha hanisikii, leo naambiwa simama tu, nyamaza, kazi gani hiyo? nikasema nimwumike, nina pembe ya kunyonyea damu mfukoni, marehemu baba aliwaumika ng'ombe wakainuka, daktari akasema, "Ukimtoa damu umemwua, Bujiku. Imenaswa kati ya tando mbili za tumbo. Ikijaa itajikaza, iubane mshipa wenyewe. Akishtuka tu, utando utachanika," akatoka kuvuta sigara, nikamdharau, daktari mzima dawa yake ni kungoja...

"Baba Sikujua!" Generosa, mke wangu, yuko dirishani pa banda, ananiita kwa jina la mwanetu, ananong'ona, "Tazama, mtoto wa Marashi anasimama!" anasimama kweli, miguu mirefu, anaanguka puu kwenye majani, anasimama tena, na mimi nalijua koo la mke wangu, likishikwa na furaha haliombi ruhusa, kigelegele chake wanakisikia ng'ambo ya mto, Generosa mama, nakuomba, leo usipige, siwezi hata kukwambia, nikifungua kinywa Marashi atageuka... nainua mkono mmoja, polepole, na yeye ameshavuta pumzi, ameuona, anajiziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika kwa kicheko... kimya, nzi tu... itajikaza, iubane mshipa wenyewe, daktari alisema, kumbe damu ile ile inayomwagika ndiyo inayoziba, nani kaifundisha, haina mkono, haina jicho, iko gizani humo inajijengea boma huku inabomoka, na mimi na pembe yangu ningekwenda kulivunja, Mungu wangu, nywele zinanisimama... mtoto anagongagonga tumbo kwa pua, pole pole bwana mdogo, si hapo, si hapo, rudi nyuma, hapo, amelipata titi, ananyonya, povu jeupe kwenye ndevu zake, na Marashi, anayevuja damu, anateremsha maziwa, vyote viwili kwa mara moja katika mwili mmoja, bila kuulizwa, machozi yananitoka na siyafuti, naogopa mkono utamshtua... damu bado inadunda mbiombio chini ya vidole, kama mwanzo, sijui ataliona jua la kesho, sijui, ila siwezi tena kusema kwamba katika banda hili hakuna anayefanya kazi.