Mpiga Pasi wa Darasa la Saba

“Siendi kwa dobi,” nilimwambia. “Leo siendi, Ustadh Nazmi. Darasa la saba wana mtihani Jumapili na nimewaacha katikati ya pembetatu.”

“Sauti, Mama Rudaina, punguza sauti.” Mkurugenzi wetu alinitabasamia mimi na papo hapo akawatabasamia wanafunzi waliobandika pua kwenye vioo vya ghorofani, tabasamu moja kwa kazi mbili. “Wakaguzi wako shule ya jirani. Wakitoka huko wanakuja hapa. Panda basi, mama, tutaongea baadaye.”

“Baadaye ipi? Ile ya mwaka jana au umeleta mpya?”

“Sisi hapa ni familia moja.”

“Basi mimi mtoto wa kambo.”

Mwalimu Bashir wa fizikia, ambaye alikwishaketi ndani ya basi, akacheka, kisha akajitia kukohoa. Bashir ni Msudani, mtu mzima, mpole, mwenye shahada mbili, na kwenye kibali chake cha kazi ameandikwa kinyozi.

Mimi nimeandikwa mpiga pasi.

Mwenye shule yetu pale Hawalli, Kuwait, alikuwa na biashara nyingine pia: duka la dobi, duka la kinyozi na mkahawa wa falafeli. Kumwandikisha mtu kuwa mwalimu kulikuwa na masharti yake, mkataba, likizo ya uzazi, kiinua mgongo. Kumwandikisha mpiga pasi hakukuwa na maneno mengi. Kwa hiyo walimu tuligawanywa kwenye biashara zake kama nyama ya Idi. Wakaguzi wakija, dereva anatuzungusha na basi la shule na kumshusha kila mtu mahali alipoandikwa. Mwalimu wa Kiarabu anakwenda kukaanga falafeli, Bashir anakwenda kushika mkasi, mimi nakwenda kwa dobi. Wakiondoka tunarudi, tunanawa mikono, tunafundisha. Duka la dobi liko mtaa wa nyuma tu, hata mtoto mdogo angefika kwa miguu, lakini Nazmi hakutaka tuonekane tukitoka kwa mguu.

Aibu ningeimeza. Nimemeza nyingi. Ila kulikuwa na Rudaina. Binti yangu huyu yuko Damanhur, kwetu Misri, kwa mama yangu tangu baba yake afariki. Mwenye kibali cha ualimu anaweza kumleta mwanawe akae naye. Mpiga pasi hawezi. Nilikuja Kuwait na diploma yangu ya chuo cha ualimu, na ahadi ya Nazmi kwamba mtoto angenifuata kabla jino lake la mbele halijaota. Jino liliota, na la pili likang’oka, na hilo nalo likaota. Mimi nayaona meno hayo kwenye simu.

“Nibadilishie kibali,” nikamwambia, “na nitapanda basi lako hata likienda Basra.”

“Wiki ijayo.”

“Mara ya mwisho uliapa kwa uhai wa mama yako.”

“Na mama yangu mzima, alhamdulillahi! Panda, Mama Rudaina. Ukikutwa hapa, hawatanifukuza mimi. Watakufukuza wewe.”

Hapo alikuwa na haki, na ndicho kilichoniudhi zaidi. Kutoka juu mtoto mmoja akapaza sauti: “Mwalimu, tufanye zoezi gani?”

“Lile la mwisho!” nikajibu. “Na atakayenakili kwa mwenzake nitamjua!”

Nikapanda.

* * *

Mpiga pasi wa kweli anaitwa Kunju, ni Mhindi wa Kerala, na ana mikono ambayo pasi inaitii. Aliponiona mlangoni alishika kichwa.

“Mwalimu, karibu. Usiguse kitu.”

“Sigusi.”

“Safari ile ulichoma kanzu ya hakimu.”

“Ilikuwa ya hakimu mstaafu.”

“Bado alikuwa na mdomo.” Akanivalisha aproni, akapachika mfuko wa nguo begani. “Napeleka hizi kwa wateja, narudi sasa hivi. Mtu akija mwambie asubiri. Simama tu hapo, uonekane unafanya kazi.”

Nikasimama, nikaonekana. Upande wa pili wa ukuta wa kioo kuna duka la kinyozi, na nilimwona Bashir amemfunga mteja kitambaa shingoni, anamzunguka kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia. Mteja alikuwa amefumba macho kwa imani.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Mkuwaiti mnene kiasi, kanzu nyeupe, kichwani kofia tu, na kitambaa chake cha kichwa, ile gutra wasiyotoka nayo nyumbani bila kuipiga pasi, amekishika mkononi kimekunjamana.

“Nipigie hii haraka, mama. Ndiyo ya akiba, ilikuwa imelala kwenye gari. Niliyovaa nimemwagiwa chai.”

“Pole sana. Nani huyo?”

“Mkurugenzi wa shule hapo mbele. Wallahi sijaona mtu anatetemeka vile kwa sababu ya birika. Ungedhani anamimina petroli. Akaniambia kuna dobi wake huku nyuma, hata pesa nisitoe.”

Hapo ndipo nilipoona kitambulisho kifuani mwake. Mkaguzi wa kazi. Jina, Mutlaq. Nazmi, kwa hofu yake ya kumficha mpiga pasi, alikuwa amemtuma mkaguzi mlangoni kwa mpiga pasi mwenyewe.

“Fundi ametoka kidogo,” nikasema.

“Na wewe nani?”

Nilikuwa nimevaa aproni na pasi inapiga mvuke. Ningejibu nini? Nikaichukua gutra.

Mimi nimelea mtoto na nimeendesha nyumba. Nguo za kawaida nazipiga pasi vizuri. Kwa hiyo niliitandaza ile gutra, nikaipulizia wanga wa kutosha, nikaikunja kama ninavyokunja kitambaa cha meza kwetu Damanhur: nusu, kisha nusu tena, mraba safi, kingo zimekutana. Nikaibana kwa pasi mpaka mikunjo ikasimama kama kadi. Nilijisifu moyoni.

Mutlaq akaikunjua mbele ya kioo, akaigeuza pembetatu, akaiweka kichwani, akashika ile sehemu ya katikati juu ya paji ambapo panatakiwa kuwe na ncha moja iliyosimama, ile wanayoishughulikia asubuhi kuliko bibi harusi anavyoshughulikia wanja. Ncha haikusimama. Pale katikati pakabonyea, na kulia na kushoto zikachomoza pembe mbili.

Akajitazama. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia.

“Mama,” akasema polepole, “umenifanya beberu.”

Nilipaswa kuomba radhi nikanyamaza. Lakini mtu ukifundisha jambo miaka yote, mdomo hauombi ruhusa. “Ni kosa langu, nimeikunja kwa pande badala ya ulalo,” nikasema, na kidole kikatangulia kuonyesha. “Ona, mikunjo yangu inapita katikati ya pande na kukutana kwenye kitovu cha mraba. Wewe ukikunja kupata pembetatu, unakata kwenye kitovu hichohicho, kwa hiyo kila mkunjo unabaki na nyuzi arobaini na tano kutoka ukingo wako. Mikunjo miwili, pembe mbili. Ningeanza na ulalo ungepata ncha moja. Ni rahisi, leta nikuchoree.”

Nikawa nimekwishachukua chaki ya kuwekea alama nguo. Nikachora mraba juu ya meza ya pasi, nikachora na ulalo wake.

Mutlaq aliutazama mchoro. Kisha akanitazama mimi.

“Hesabu nilianguka shuleni,” akasema. “Mara mbili. Laiti mtu angenieleza hivyo. Sasa wewe niambie, mpiga pasi gani hajui kupiga pasi gutra, lakini anajua nyuzi?”

Akaninyooshea mkono.

“Kibali.”

Nikampa. Alikisoma, akaangalia chaki mkononi mwangu, akaangalia ukuta wa kioo. Upande wa pili Bashir alikuwa ameshika wembe mbali na mwili wake, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake. Nusu ya ndevu za mteja zilikuwa zimekwisha, nusu bado.

“Na yule?”

“Fizikia,” nikasema.

Mutlaq akacheka. Alicheka mpaka zile pembe zikatikisika, na mimi, kwa hofu yote niliyokuwa nayo, nikacheka naye. Alipomaliza alijifuta macho kwa ncha ya gutra yangu mbovu, na uso wake ukawa wa kazi.

“Sikiliza, dada. Bado sijaandika kitu. Nikiandika mimi kwamba nimekukuta unafanya kazi isiyo ya kibali chako, wewe ni mkosaji, na wakosaji nafahamu wanakopelekwa. Ukija wewe mwenyewe kwangu ukasema umeandikishwa uongo, wewe ni mlalamikaji. Mlalamikaji husikilizwa, na akishinda anahamia mwajiri mwingine bila kumwomba ruhusa wa kwanza.”

“Na asiposhinda?”

“Anarudi kwao. Siwezi kukuahidi. Sipendi watu wanaoahidi.” Akavua gutra, akaibana kwapani. “Nipo kwenye gari hapo nje. Nanywa maji, napata baridi kidogo, kisha narudi shule kwa mwenzangu. Nikiondoka, nimeondoka na kalamu yangu: sikuona kitu, sikuandika kitu.”

Akatoka.

Simu yangu ikaita. Nazmi, kwa sauti ya kunong’ona.

“Mama Rudaina! Kuna mgeni anakuja hapo. Kunju amhudumie, wewe usifungue mdomo.”

“Uko wapi, mbona sauti ina mwangwi?”

“Chooni. Mwenzake amekaa ofisini kwangu hataki kutoka. Amekuja? Umesema nini?”

“Nimempigia pasi.”

“Wewe?”

“Mimi. Si ndiyo kazi yangu?”

“Ya Rabi salama!” Nilisikia maji yakifunguliwa, labda ili asisikike. “Sikiliza, mama, sikiliza vizuri. Kibali chako, wiki ijayo. Naapa kwa watoto wangu.”

“Utaanza na yupi, Ustadh? Maana mama umeshammaliza.”

“Usiwe na ulimi mkali. Nani alikupa kazi? Nani alikutafutia chumba? Kuna walimu mia wanangoja nafasi yako, na hao hawana maneno.”

“Hao utawaandika nini? Wapishi?”

“Mama Rudaina...”

“Swali moja tu. Leo, ukitoka chooni, utamwambia huyo aliyekaa ofisini kwako kwamba una mwalimu wa hisabati anaitwa Ibtihal, na kwamba kesho unamsajili? Leo, sasa hivi, nami nikivua aproni nirudi darasani?”

“Leo haiwezekani. Leo si siku yake.”

Nilikata simu. Sikuwa na hasira. Nilifikiri kama ninavyofikiri sokoni. Nikinyamaza, Rudaina haji. Nikisema, huenda akaja, huenda nikaenda mimi. Katika njia zote ile ya kunyamaza tu ndiyo haina mtoto ndani yake. Hesabu hiyo haihitaji hata chaki.

Nikavua aproni, nikazima pasi, maana nguo za watu hazina hatia, nikaingia kwa kinyozi.

“Mwalimu Bashir, weka wembe chini.”

“Alhamdulillahi,” akasema mteja, macho bado kayafumba.

Nikamweleza Bashir kwa maneno machache. Alisikiliza kichwa kimeinama, akiupangusa ule wembe kwa kitambaa tena na tena.

“Dada yangu, wakiturudisha?”

“Mimi nitakutana na binti yangu uwanja wa ndege. Wewe utakutana na wanao. Hasara iko wapi?”

“Hasara ni ada ya shule yao.”

“Ndiyo, hiyo ipo. Sikufichi.”

“Na Nazmi atatutangaza kila shule ya Hawalli.”

“Atangaze. Atasema nini? Kwamba mpiga pasi wake anajua hisabati?”

Bashir akatikisa kichwa. Mteja alikuwa amefumbua macho sasa, anajipapasa shavu moja, halafu la pili. Alikuwa Mmisri kama mimi, fundi bomba, na sura yake kwenye kioo ilikuwa ya watu wawili wasioelewana.

“Kwani huyu si kinyozi?” akaniuliza.

“Ni mwalimu wa fizikia.”

“Mwalimu wa...! Na mimi nimemtegea shingo?” Akasimama na kitambaa chake shingoni. “Kuna mkaguzi hapo nje? Yuko wapi? Aje aone! Au hapana, nakwenda mwenyewe, aone vizuri akiwa karibu!”

“Haya, shahidi tumepata,” nikamwambia Bashir. “Unakuja au huji? Mimi natoka sasa. Gari linaunguruma.”

Bashir alivua koti la kinyozi. Akalikunja, akalikunjua, akalitundika. Kisha akafunga kifungo cha juu cha shati lake, kama anavyofanya kila asubuhi kabla ya kuingia darasani.

“Tangulia,” akasema. “Nipo nyuma yako. Usikimbie, magoti yangu ni mabaya.”

Jua la saa sita lilitupiga tulipotoka, mimi mbele, Bashir nyuma, na yule fundi bomba wa nusu ndevu akitupita wote wawili. Mutlaq alikuwa ameshaweka mkono kwenye gia. Simu ikaanza kuita tena mfukoni, nikaiacha iite. Nikafungua mlango wa nyuma, nikaketi kwenye kiti kilichokuwa baridi kama jokofu, nikasogea ili Bashir apate nafasi.

“Andika,” nikamwambia. “Ibtihal Shalabi. Mwalimu wa hisabati, darasa la sita mpaka la nane. Nina malalamiko.”