Swali la Tatu Kitabuni

Mzee Dalmas alipoulizwa kama anaweza kuwafundisha wakunga wageni Kijaluo, alicheka. "Lugha niliyonyonya kwa mama? Waleteni hata kesho."

Wakaletwa watatu, katika chumba cha kanisa pale Kaloleni, na wiki nzima ya kwanza jasho lilimtoka mzee wa watu. Alivaa tai, akanyoa ndevu, akaja na chaki zake mwenyewe. Lakini wageni walitaka kanuni, hasa yule Marit kutoka Norwe, na Dalmas hakuwa na kanuni hata moja. Miaka sabini na miwili alikuwa akiongea tu. Sasa alisimama ubaoni kama mtoto aliyesahau shairi mbele ya wazazi.

Mtu aliyemaliza kidato cha nne akiwa na miaka thelathini na sita, kwa masomo ya jioni baada ya kubeba magunia bandarini mchana kutwa, hawezi kuvumilia kukosa jibu. Akafungua sanduku, akatoa kitabu chake cha zamani cha kujifunzia Kiingereza, akaanza kukitafsiri ukurasa kwa ukurasa. Jina lako nani? Una miaka mingapi? Una watoto wangapi?

Kwenye swali hilo la tatu kalamu ilisita. Kwao Nyakach watoto hawahesabiwi. Mgeni huuliza habari za watu wa nyumbani, basi. Anayetaka idadi ni kama anakionyesha kifo pa kuchagua. Dalmas alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Lakini kitabu kiliandikwa na wasomi, na yeye alikuwa nani wa kuruka mstari? Akaliandika ubaoni, akagonga meza kwa rula, wakaliimba mara kumi: *In gi nyithindo adi?* Marit alilitamka vizuri kuliko wenzake, na mwalimu akajisikia mwalimu kwelikweli.

Jumatatu iliyofuata aliitwa ofisini na Nangila, msimamizi wa mradi. Marit alikuwa ameketi pale, macho mekundu.

"Mzee, kuna shida," Nangila alisema. "Juzi wamama wameondoka kliniki yetu ya Pap Onditi, kule kwenu Nyakach, bila kupimwa. Mmoja, Mama Rosa, ndiye alisimama kwanza, akamshika mkono mke wa mwanawe, Lornah. Huyo msichana ana mimba ya miezi minane na presha iko juu. Wengine wakawafuata. Wanasema mgeni amewatukana. Mimi ni mtu wa Bungoma, Kijaluo sikijui. Kwani alisema nini?"

"Nilisema kama Mwalimu alinifundisha," Marit alisema.

Nangila akamgeukia Dalmas. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: kosa ni langu. Yaliyotoka ni mengine.

"Labda hakutamka vizuri. Ulimi wake bado mzito."

Marit aliinamisha kichwa. "Pole sana, Mwalimu. Nitafanya mazoezi."

Ikaamuliwa Marit asiende kliniki tena, akae mjini kupanga mafaili mpaka mwalimu wake aseme yuko tayari. Dalmas akashukuru. Alikuwa akishukuru nini, hata yeye hakujua. Alipita getini bila kumsalimia bawabu.

Jumatano Marit alitangulia darasani. Alikuwa amejaza karatasi pande zote mbili kwa swali lile lile moja. Akamsomea, akipandisha na kushusha sauti panapostahili. "Sasa ni sawa?"

Ilikuwa sawa. Ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Masikio ya mzee yaliwaka moto kama ya mtu aliyezabwa kofi hadharani.

"Nipe hiyo karatasi," alisema.

Akaipeleka kwa Nangila, akasema yote akiwa amesimama.

"Ulijua?" Nangila aliuliza. "Na ukanyamaza hapa hapa, huku Lornah yuko nyumbani na presha yake?"

"Ndiyo."

"Mzee wa heshima kama wewe."

Afadhali angemtukana.

Kesho yake gari la mradi liliwapeleka Dalmas, Marit na Nangila hadi kwa Mama Rosa. Hakuwatolea viti. Dalmas alieleza kosa lake kwa Kijaluo, palepale uani, kuku wakipita katikati ya miguu yake.

"Baba yako ni nani?" Mama Rosa aliuliza.

Akamtaja.

"Na huyo baba yako alikuwa akiwahesabu jioni, kama mbuzi wa mnada?"

Lornah aliziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Hapana, mama."

"Kwa hiyo hii ulisomea."

"Nilisomea."

"Basi ulisoma sana, *japuonj*." Neno hilo, mwalimu, alilitoa kama mtu anayetema kokwa. Kisha sauti ikashuka. "Nyuma ya nyumba ile kuna makaburi. Mgeni wako huyu alitaka niyatie kwenye hesabu, au niyaache?"

Dalmas alitazama viatu vyake.

Mama Rosa alimgeukia Marit. "Wewe huna kosa. Keti." Kikaletwa kiti kimoja. Mzee alibaki juani, kazi yake kutafsiri tu, huku mama yule akimfundisha mgeni namna ya kuuliza habari za nyumbani, na namna ya kunyamaza baadaye, mpaka mwenyeji mwenyewe apende kuendelea. Huko kunyamaza Dalmas hakuwa amekufundisha hata kidogo. Marit alijaribu. Alinyamaza muda mrefu, na Mama Rosa akaanza kumsimulia habari za mahindi, za goti lake, na mwishowe za Lornah.

Lornah aliingia ndani, akatoka na kadi yake ya kliniki, akapanda gari.

Walipokuwa wakimsubiri nje ya chumba cha kupimia, Marit alisema bila kumtazama mzee, "Ulisema ulimi wangu ni mzito."

"Nilidanganya."

"Nililia usiku mbili."

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kufundisha, Dalmas hakumrekebisha lugha yake. Alisogea kwenye benchi kumwachia nafasi. Marit alibaki amesimama.