Baraka Iliyomezwa

Nilipofika Kibugu sikuiona njia ya kwetu. Palipokuwa na majani chai ya baba, palikuwa na lango la mbao na kibao: Kijiji cha Utamaduni. Nimezunguka miaka mingi. Nimepika kwenye meli za watalii huko visiwa vya Karibea, nikaona wenyeji wakivaa majani ili wapigwe picha. Sikufikiria nitayakuta mambo hayo kwetu, hapa chini ya msitu wa Mlima Kenya.

Kijana mmoja akanikimbilia.

"Mzee, umechelewa! Wageni wanachomeka na jua."

"Mimi namtafuta Teresia."

"Huyo ni mamangu, na ndiye kazi yako. Vaa hii." Akanitupia ngozi ya mbuzi mabegani. "Nyinyi watu wa Siakago, hata mkilipwa mnatembea kama kinyonga."

Basi huyu ndiye Nyamu, mtoto wa dadangu, aliyezaliwa nikiwa nimeshaondoka, jina lake nikalijua kwa barua tu. Nilitaka kumwambia jina langu, lakini yeye alikuwa anaongea tu. Hoteli inataka kipande cha mwisho cha shamba, chenye nyumba ya mamake na kaburi la nyanyake. Teresia amekataa kuweka kidole kwenye karatasi ya kuuza mpaka mzee wa ukoo abariki, na wazee wa ukoo wamekwisha.

"Kwa hivyo leo wewe ndio ukoo," akasema. "Macho yake ni ukungu tu, hatakujua. Ujaze pombe mdomoni, umtemee kifuani kumbariki, umalize. Ukiniharibia, nje kuna wazee wengi wanaotafuta kazi."

Nikaifunga ile ngozi, nikamfuata. Ningejitaja, huyu angenitupa nje ya lango, alete mwingine.

Teresia alikuwa ameketi kwenye kigoda, shanga shingoni, watalii wamemzunguka na kamera. Kando yake meneja wa hoteli ameshika karatasi na wino.

"Mama, mzee wetu amefika."

"Anaitwa nani?"

"Ametoka Siakago."

"Sijauliza alikotoka."

Nyamu akanisukumia pembe ya pombe ya asali haraka. Kwetu shamba haliondoki kwa kidole, linaondoka kwa mate. Mzee wa nyumba akishatema, maneno yamekwisha, hata yeye mwenyewe hawezi kuyarudisha.

Nikajaza mdomo. Teresia akashusha kola ya nguo, akafumba macho. Nyuma yake niliona kaburi la mama, na vigingi vyekundu vya wapimaji vimelizunguka.

"Tema," Nyamu akanong'ona. "Mzee, tema!"

Meneja akafungua wino.

Nikameza.

Watalii wakapiga makofi. Nyamu akanikamata mkono mpaka mfupa ukauma.

"Tayari?" meneja akauliza. "Aweke kidole?"

"Hajatema," Teresia akasema. "Nimesikia koo likimeza."

"Mama, ametema, ni vile huoni—"

"Nyamaza!" Akanigeuzia uso. "Siku ya harusi yangu kuna mtu alipewa pombe anibariki, akaimeza yote. Baba akamfukuza na fimbo mpaka mtoni." Sauti ikamshuka. "Ireri? Ni wewe, mlafi?"

"Ni mimi, Teresia."

"Na leo mbona umemeza?"

"Leo nimekataa."

Kisha akakunja kidole gumba, akakifungia ndani ya ngumi.

"Nyamu," akasema, "achilia mjomba wako. Na huyo na wino wake, mwambie mzee wa nyumba amerudi."

Nyamu hakuniachilia mara moja.