Ndege Hizi, Ndege Hawa

"Usiivute kwa hasira, mwanangu. Ivute kwa adabu," Ticha alisema, na mkasi wake ukazidi kuichana tyubu kuukuu ya baiskeli kuwa ugwe mwembamba mweusi. Ua mzima wa nyumba ya kupanga ulinuka gundi. Watoto walikuwa wamekalia ndoo zilizopinduliwa, kila mmoja na ndege yake mapajani: ufito wa mwanzi, mbawa za lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni, pangaboi lililokatwa kwenye kopo la siagi, na shanga moja nyuma ya pangaboi ili lizunguke bila kukwaruza. Raba za dukani za kuzungushia pangaboi ziliwashinda bei. Mwanzo wa mwezi ziliuzwa kwa pakiti. Sasa mwenye duka alikuwa amefungua pakiti na kuuza moja moja, kama sigara.

"Ticha, yangu pua inainuka," mtoto mmoja alilalamika.

"Mbandike chingamu puani, atatulia," alidakia Meneja. Huyo alikuwa binti mdogo kuliko wote, lakini ndiye aliyegawa gundi, aliyesuluhisha ugomvi na aliyeamua nani ananuka miguu na akakae mbali. Jina la Meneja alipewa na mtaa mzima, wala hakulikataa.

"*I*bandike," Ticha alirekebisha. "Ndege hii. Siyo ndege huyu. Hii haitagi mayai."

Jirani wa chumba cha pili, aliyekuwa akifua, akaangua kicheko. "Ticha, hesabu umemaliza, sasa unawafundisha urubani? Wangu akianza kudai kofia ya rubani, nakuletea wewe umlee!"

"Mlete. Nitamtoza nauli."

Walicheka, lakini Ticha alikuwa akitazama jua. Leo ndiyo leo. Jumatatu kifusi kingemwagwa kwenye uwanja pekee uliobaki mtaani, uwe maegesho ya magari ya wakubwa wa ofisi ya mji. Kwingine kokote hakukufaa. Vichochoroni mabati yaligusana, nyaya za umeme zilining'inia, na kila hatua mbili kulikuwa na kamba ya nguo. Humo uani walishajaribu. Kila ndege ilijirusha kidogo na kuvaa shuka la mtu. Watoto walikuwa wamekata, wamebandika, wamevunja na kubandika tena, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona ndege yake ikipaa kweli.

Kibali alishaomba. Mwanzoni mwa wiki alikwenda kwenye dirisha la ofisi ya mji, akamwambia dada wa mapokezi, "Naomba kuja na watoto Ijumaa, turushe ndege uwanjani." Dada akamjibu bila kuinua macho kwenye simu yake, "Sawa, mlinzi atapewa taarifa." Ticha alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Sasa walifika kwenye geti la uwanja kwa mstari, ndege zimeinuliwa juu ya vichwa zisigongwe na wapita njia. Mlinzi, ambaye mtaani wanamwita Kamanda kwa sababu ya buti zake, alisimama katikati ya geti.

"Karibu, Ticha. Taarifa ninayo. Ila mtamsubiri bwana mifugo."

"Bwana nani?"

"Mifugo. Daktari wa wanyama. Nimepigiwa simu na ofisi: ndege wa Ticha wasiingie mpaka wakaguliwe. Kuna mafua ya kuku."

Ticha alifikiri ni utani, akangoja Kamanda acheke. Kamanda hakucheka.

"Kamanda, unaziona hizi. Zina manyoya hizi?"

"Mimi naona, Ticha. Lakini mimi silipwi kuona."

Ikabidi aende ofisini. Watoto akawaacha kwenye kivuli cha ukuta, chini ya usimamizi wa Meneja. Foleni ya dirishani ilikuwa imelala kama nyoka aliyeshiba. Alipofika mbele, dada wa mapokezi alimkumbuka mara moja.

"Ee, dada wa kuku!"

"Siyo kuku, mdogo wangu. Nilisema ndege."

"Na kuku ni nini?"

"Ndege *hizi*," Ticha alisema, akikunjua mikono kama mbawa. "Siyo ndege *hawa*. Hizi. Za kuchezea."

"Basi si ungesema hizo."

"Nilisema kurusha ndege."

"Ndo hapo. Kurusha ndege! Hapo nitajuaje ni hawa au ni hizi? Sisi tunaandika unachosema." Foleni nyuma ilicheka, mzee mmoja akasema sarufi itatuua. Dada akashusha sauti, kidogo na huruma. "Sikia, dada. Kama ni hawa, kwangu imeisha, bwana mifugo yuko njiani. Kama ni hizi, siyo dirisha langu tena. Panda juu, usalama."

Juu kulikuwa na bwana mmoja nyuma ya meza kubwa isiyo na kitu ila kikombe. Alimpokea vizuri, akampa kiti, akamwuliza maswali kwa upole wa mtu aliyelala vyema.

"Hizo ndege zinakwenda kwa nini?"

"Kwa mpira, mzee. Unausokota, unaachia, pangaboi linazunguka."

"Safi sana. Petroli hakuna?"

"Hakuna."

"Na ndani kuna mtu?"

Ticha alicheka. "Mtu atakaa wapi, mzee? Hazina rubani."

Bwana akarudisha kikombe mezani. Uso wake ukabadilika kama mtu aliyekanyaga tope. "Ndege zisizo na rubani."

Hapo Ticha alijua ameshajimaliza. "Siyo hizo, mzee. Siyo za kamera. Hizi ni za vijiti!"

"Mama, kauli ni yako. Ndege isiyo na rubani hairushwi hapa bila ruhusa ya mamlaka ya anga, makao makuu. Na jirani na jengo la serikali! Hata mimi nacheka moyoni, amini. Lakini kesho kikitokea kitu, ataulizwa nani?"

"Kitatokea nini na povu la televisheni?"

"Ndilo hilo, ataulizwa nani?"

Aliomba, akaeleza, akachora hewani kwa kidole. Alimwambia kuhusu Jumatatu na kifusi. Bwana alitikisa kichwa kwa masikitiko. Yeye mwenyewe gari lake lilikuwa likiungua jua nje kwa kukosa maegesho. Ticha alishuka ngazi. Angetukanwa, angejua la kujibu. Lakini wote wamekuwa wapole, na wote wamemfungia.

Getini alikuta pikipiki. Bwana mifugo, kijana mwembamba mwenye mabuti ya mpira na sanduku la dawa, alikuwa amechuchumaa katikati ya watoto. Jua lilikuwa limehama, kivuli kimekwisha, na mbawa mbili za povu zilikuwa zimeanza kupinda. Mmoja wa wadogo alikuwa analia kwa njaa.

"Wewe ndiye mwenye ndege?" bwana mifugo aliuliza. "Nimetoka upande wa pili wa mji kwa mafuta yangu mwenyewe. Nikirudi sijakagua kitu, mafuta hayarudishwi. Sasa nimekuta hizi."

"Pole, kaka. Mimi pia nimekuta hizi hizi tangu asubuhi."

Bwana mifugo alimtazama, akamtazama Kamanda, akakuna kidevu. "Mlinzi, wewe uliambiwaje?"

"Bwana mifugo akikubali, ndege wa Ticha waingie."

"Wa Ticha. *Wa*." Kijana alivaa glavu taratibu. "Mwalimu, hebu niambie mwenyewe. Ni hizi au ni hawa?"

Watoto wote walimgeukia Ticha. Mwezi mzima alikuwa amewapigia kelele kuhusu jambo hilo hilo. Alisikia aibu ikimpanda shingoni, na nyuma ya aibu hasira, na nyuma ya hasira kitu kilichotaka kucheka.

"Ni hawa," alisema.

"Ticha!" Meneja alishtuka.

"Nyamaza, mwanangu. Hawa ni ndege wetu."

Bwana mifugo aliwakagua mmoja mmoja. Aligusa pua, akainua mbawa, akauliza kama wanakula vizuri. "Huyu amepinda ubawa, msimrushe juani," alisema bila kutabasamu, na watoto wakaanguka kwa kicheko. "Hakuna mafua. Mlinzi, fungua."

Kamanda alifungua.

Uwanja ulikuwa mpana kuliko walivyoukumbuka. Mafungu ya kokoto yalikuwa tayari yamepangwa pembeni, lakini katikati palikuwa wazi, nyasi hadi magotini. Wakasambaa. "Sokoteni!" Ticha alipaza sauti. "Kidole kwenye pangaboi! Msiachie mpaka niseme!" Mipira ikajikunja, ikatoa vifundo, vifundo juu ya vifundo.

Simu ya Kamanda ikalia.

"Ndiyo, mkuu... Ndiyo, ameingia... Hapana, mkuu, niliambiwa wamekaguliwa... Zisizo na rubani? Sawa, mkuu." Alikuja mbio, buti zikilima nyasi. "Ticha, simamisha! Yule wa juu ameona kutoka dirishani. Zote chini!"

"Kamanda, ona. Zimeshasokotwa."

"Zisokotolewe!"

"Mpira ukifika hapo haushikiki. Vidole vya watoto hivyo."

"Ticha, dada yangu, nina watoto na mimi. Usinifukuzishe kazi."

Alisema kweli, na Ticha alijua anasema kweli. Ndiyo maana alichelewa kidogo. Watoto walikuwa wamesimama duara, mikono juu, vidole vimekakamaa kwa kubana, macho kwake. Meneja aliuma mdomo.

"Achieni!" Ticha alisema.

Sauti ilikuwa kama ya mtu anayepasua kanga kwa mkupuo. Mbili zilipiga mwereka palepale. Moja ilizunguka nyuma ikampiga mwenyewe kisogoni. Nyingine zilipanda, zikapanda, zikapita vichwa, zikapita fungu la kokoto, nyeupe kwenye jua, na watoto wakazikimbilia huku wakipiga kelele zisizo na maneno. Kamanda mwenyewe alibaki ameinua uso, simu sikioni, mkuu wake akiongea peke yake.

Haikudumu. Zilishuka moja moja na kumezwa na nyasi za mbali, na kabla hazijaokotwa Kamanda alikuwa ameshawakusanya watoto mikono imetandazwa, kama anayerudisha mbuzi. "Nje, nje! Zinabaki. Amesema ni ushahidi, anakuja kuziona Jumatatu."

"Jumatatu kinamwagwa kifusi," Ticha alisema.

"Ndivyo alivyosema, Ticha."

"Atazionea wapi?"

Kamanda alifunga geti, akazungusha ufunguo mara mbili, akalipa mgongo.

Watoto walibana nyuso kwenye mianya ya mabati ya geti. Kulikuwa na upepo. Mahali fulani kwenye nyasi, ndege moja iliyokuwa imenaswa na bua ilitikiswa, ikajinasua, na pangaboi likaanza tena kugonga majani: *trr, trr*.

"Ni yangu," Meneja alisema. "Bado ina nguvu."

"Twendeni," alisema Ticha. Hakuna aliyemsikia, na yeye mwenyewe hakuondoka. Walisimama pale wote, wakisikiliza mpira ukijifungua mle ndani, polepole, mpaka ukaisha.