Siku Siafu Walipomtangulia Bwana Afya

Ukiuliza nyumba yetu inakaa watu wangapi, utaambiwa watatu: Mama Mdogo, mumewe Baba Mdogo, na mimi mpwa wao. Huo ni uongo wa heshima. Mende peke yao walikuwa ukoo mzima, wakitoka kwa zamu kama walinzi wa benki. Darini alikaa panya anayetembea kwa visigino. Na mijusi ya ukutani ilitutazama tukila kana kwamba sisi ndio tuliokuja bila kualikwa.

Mimi ningeishi nao hadi uzee. Mama Mdogo asingeweza, kwa sababu yeye ni mwokaji mikate, anaokea hapo hapo nyumbani, na kibali chake kiko mikononi mwa Bwana Afya. Mara ya kwanza Bwana Afya alipokuja kukagua, alifungua kabati la unga, mende akamrukia kwenye tai. Hakupiga kelele. Alimpangusa taratibu, akaandika, kisha akasema, "Narudi baada ya mwezi. Nikikuta hali ni hii hii, tanuri nalifunga."

Mwezi mzima ilikuwa vita. Tulipuliza dawa, tukanyunyiza dawa, tukabaki sisi ndio tunakohoa. Baba Mdogo, ambaye ni fundi mwashi, alilala kifudifudi na tochi akitafuta mlango wao asiupate.

"Nyumba za watu unaziba mpaka sindano haipiti," Mama Mdogo alimwambia. "Ya kwako inapumua kama pua. Mganga hajigangi, sawa, lakini wewe umezidi."

Siku ya ukaguzi ikafika. Bwana Afya angekuja saa nne. Saa moja na nusu nilikwenda uani kumwagia kuku mtama, nikasikia majani yananong'ona. Nikainama. Mstari mweusi, mpana kama mkanda wa suruali, ulikuwa umetoka vichakani, umepita kando ya karo, na sasa unaingia jikoni bila hodi.

"Siafu," niliita.

Baba Mdogo alitoka na kaptura, akatazama mara moja, akakimbilia dumu la mafuta ya taa.

"Weka chini hilo dumu," alisema Mama Mdogo.

"Mke wangu, hawa wanauma."

"Na mafuta ya taa yananuka. Bwana Afya akinusa jiko langu linanuka kama taa ya chemli, utamjibu wewe? Waache wapite. Hawa hawataki unga. Wanataka kinachotembea."

"Mimi natembea."

"Basi tembea uje ubebe beseni."

Hapo ndipo mbio zilipoanza. Tulihamisha beseni la unga uliokandwa, maana ulikuwa umeshaanza kuumuka na Mama Mdogo hakuwa tayari kuupoteza. Tukauweka juu ya meza uani, kila mguu wa meza ndani ya kopo la maji. Kuku nilimkwapua bandani siafu wa kwanza wakiwa hatua mbili tu nyuma yake. Wawili walinipanda, wakaniuma pajani, nikacheza ngoma isiyo na mpigaji huku kuku akinipigia vigelegele kwapani.

"Nyumba imeshakuwa yao," alisema Baba Mdogo, akijikuna.

Tukasimama uani, tukangoja. Kwanza kimya. Halafu nyumba ikaanza kutapika. Buibui wakashuka kwa nyuzi zao. Mijusi ikaruka dirishani mmoja baada ya mwingine. Panya wa visigino akatoka na watoto wanne mdomoni na mgongoni, akatupita bila hata kutuaga. Kisha wakaja mende: kwa mlango, kwa dirisha, kwa tundu la ufunguo, wengine wakiruka, wengine wakikanyagana. Sikujua tuna utajiri kiasi kile. Nikawa nawashangilia siafu kimoyomoyo kama timu ya mtaani kwetu.

Na hapo hapo, saa tatu kasorobo, Bwana Afya akasukuma geti na jalada lake kwapani. Watu wa serikali huchelewa miaka yote, wa kwetu akaamua kuwahi.

Mende wakampita kulia na kushoto.

"Mama," alisema polepole, "si uliniambia juzi kwa simu kuwa wamekwisha?"

"Ndiyo wanakwisha hivyo, baba," akajibu Mama Mdogo. "Unashuhudia mwenyewe."

Bwana Afya alitoa kalamu. Akaandika neno, akaandika la pili, la tatu hakulimaliza. Alisimama wima kabisa, akashika goti, akashika juu ya goti, akasema kwa adabu zote, "Samahani kidogo," akatokomea nyuma ya banda. Mimi nilimtazama kuku machoni ili nisicheke. Aliporudi, shati lilikuwa nje.

Ilipofika saa tano siafu wakaanza kuondoka. Tuliingia nyuma ya Bwana Afya kama watu wanaomsindikiza hakimu. Alimulika chini ya kabati, ndani ya droo, juu ya dari. Hakukuwa na mende hata mmoja, mabawa matupu tu. Kisha akamulika nyuma ya tanuri, tochi ikaganda hapo hapo.

Kutoka kwenye ufa chini kabisa, pale tanuri linapokutana na ukuta, siafu wa mwisho walikuwa wakitoka, kila mmoja na mguu wa mende begani. Baba Mdogo akapiga magoti.

"Ndiyo hapo," alisema. "Mwezi mzima nimepatafuta, na tanuri nilijenga mimi."

"Ndani ni safi," alisema Bwana Afya. "Lakini siafu hawana mkataba na nyinyi. Ufa ukibaki, wiki ijayo mende wamerudi. Nakwenda kukagua bucha pale ng'ambo. Nikirudi nikaukuta, nafunga tanuri."

Bucha ile ni chumba kimoja. Nilikimbia dukani kandambili zikiwa mkononi, nikarudi na saruji kichwani, mweupe kama aliyetoka kwenye gunia la unga. Baba Mdogo akakoroga kwenye ndoo, akaingiza mkono nyuma ya tanuri. Mkono haukuenea. Mkono wa mwashi ni koleo.

"Toka," alisema Mama Mdogo. Akachukua kisu chake kipana cha kupakia krimu kwenye keki, akalala ubavu, akaanza kupaka: safu ya kwanza, ya pili, akilainisha kingo kama keki ya harusi.

"Umejifunza wapi?" aliuliza Baba Mdogo.

"Nyamaza, unanichelewesha."

Geti likalia. Bwana Afya akaingia, akainama, akabonyeza kwa kidole. Kidole kikazama.

"Haijakauka," alisema.

"Na wewe hujasaini," akajibu Mama Mdogo, bado amelala pale chini.

Akasaini.