Ukurasa wa Nje ya Geti

Asadu, msimamizi wa usalama katika ghala moja la kemikali mjini Jinja, hakuwa mtu wa kulipua kazi. Mpango wake wa dharura ulitaja kila kitu, kuanzia barakoa hadi mlango wa kukimbilia. Ukurasa wa mwisho ulihusu mitungi ya klorini ikiwa safarini: gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa ikashukia mabondeni, basi watu wapande juu. Meneja aliusoma akacheka.

"Bwana Asadu, sheria inaishia kwa geti. Barabara si yetu. Toa hii."

Alibisha siku mbili, tusimwonee. Lakini mwenye nguvu mpishe, na Asadu akampisha. Akauchana.

Mwaka uliofuata, Jumanne asubuhi, lori la ghala hilo lilipinduka kwenye mteremko juu ya Mbale, likipeleka mitungi katika mtambo wa maji. Mtungi mmoja ukapasuka. Chini yake kulikuwa na kijiji, na humo binti wa Asadu, Madinah, alikuwa mwalimu na mshika kengele. Kengele yenyewe iliwekwa kwa ajili ya maporomoko ya udongo: mlima ukinguruma, inapigwa, na watu wote wanashuka hadi uwanja wa mpira bondeni. Kila msimu wa mvua walifanya mazoezi, vikongwe kwa watoto. Ndio mpango pekee waliokuwa nao, masikini, nao waliujua vizuri.

Madinah alisikia kishindo, akapiga kengele. Watu wakashuka wameshikana mikono, bila kusukumana. Gesi ikawafuata kule kule. Wakafa kumi na wanne.

Habari zilipofika ghalani, Asadu alimpigia Madinah simu njia nzima kutoka Jinja, haikupokelewa. Alasiri alimkuta hospitalini Mbale, hai, macho yamefungwa bendeji.

"Baba, mi ndo nilipiga kengele. Mi ndo niliwaita huko chini."

Angeweza kunyamaza. Ukurasa ule haukuonekana na mtu mwingine ila meneja. Lakini kumwacha mtoto abebe mzigo usio wake kulimshinda, akamweleza yote. Madinah alikohoa kwa muda mrefu.

"Ulijua hiyo gesi inashuka?"

"Nilijua."

"Na lori inapita kwetu, ulijua?"

"Nilijua, mwanangu."

"Kila Ijumaa unanipigia, baba. Unauliza mvua, unauliza maharage. Hiyo pia meneja alikukataza?"

Hakuna aliyemkataza. Asadu alishika chuma cha kitanda.

Mlangoni sauti ya mwanamke ilikuwa ikimuuliza nesi kama mwalimu wa kengele anaweza kuongea sasa. Alitaka kujua kwa nini wanawe waliambiwa washuke.

"Ni Nangila, mama wa wale mapacha waliokufa," Madinah alisema. "Mwache aingie. Na wewe usitoke, baba. Utamwambia mwenyewe."