Kipimo cha Injini Baridi

Ndani ya boneti ya nyuma ya teksi namba arobaini na moja mlikuwa na maandishi mazuri kuliko yote ya mtaa wa mlimani wa Cuautepec. Mzee Fulgencio aliyachora kwa mkono wake, enzi ambazo mkono huo haukutetemeka na nusu ya maduka ya mtaani yalijulikana kwa rangi zake. Herufi zilikuwa nyekundu, kila moja na kivuli chake cha dhahabu. MWAKO: 1-4-3-2. OILI: LITA MBILI NA NUSU, KILA KILOMITA ELFU TATU. VALI: 0.10, INJINI BARIDI.

Mistari miwili ya kwanza ilikuwa kweli. Wa tatu ulikuwa kweli zamani.

Injini aliyoiandikia mzee ilikwisha kufa. Miaka mitatu iliyopita binti yake, Amparo, aliifungia vocho ile, kigari cha mgongo wa kobe chenye injini nyuma, injini nyingine, kubwa zaidi, na chuoni alikuwa amefundishwa kwamba vali za injini hiyo zinataka nafasi ya milimita 0.15. Alitii alichofundishwa, lakini hakugusa maandishi. Alipoulizwa kwenye kituo cha teksi, alijibu kwamba ameseti tapeti, yaani nafasi za vali, kwa kumi, kama alivyoandika baba. Ulikuwa uongo wa heshima. Kwa miezi mingi aliuona mwepesi, mpaka madereva wenzake, ambao nao walikwisha kubadili injini, walipoanza kuja na kalamu kunakili kumi hiyo.

Jumapili ya jaribio la mlima, aliamka mapema na kulala chali nyuma ya gari. Injini ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Vali hupimwa hivyo tu, kabla moto haujatanua chuma na kumdanganya fundi. Mzee Fulgencio alitoka na kikombe cha kahawa ya mdalasini, akikishika kwa mikono miwili ili isimwagike.

"Jana ulipoingia nilidhani cherehani ya marehemu mama yako imefufuka," alisema. "Taka-taka-taka! Hiyo ni injini au fundi nguo?"

"Ni vali, baba."

"Yangu ilikuwa kimya. Abiria walikuwa wananiuliza, mzee, umewasha kweli?"

"Nakumbuka."

"Basi leo napanda nawe. Nataka mwenyekiti Nabor asikie injini ya Fulgencio."

Mzee aliporudi ndani, Amparo alitazama vibati viwili vya kupimia mkononi mwake. Kimoja kilikuwa cha kumi, kingine cha kumi na tano. Tofauti yake haikuzidi unene wa unywele. Alikiingiza cha kumi na tano kwenye vali ya moshi ya silinda ya tatu, akakaza skrubu mpaka kibati kikapita kwa kukwaruza kidogo, kisha akafunga nati.

Jaribio lilikuwa jambo la mara moja kwa mwaka. Kila teksi ilipanda mteremko wa kanisani na abiria watatu, ikasimama katikati, ikaondoka tena bila kurudi nyuma hata hatua moja. Iliyoshindwa ilivuliwa namba yake kituoni. Arobaini na moja ilikuwa namba ya mzee kwa miaka ishirini na sita.

Dereva mwenzake, Wulfrano, alitangulia. Injini yake ilinguruma kwa upole kama paka aliyeshiba, naye akachungulia dirishani.

"Dada Amparo, leo utashona nini? Nipunguzie suruali!"

Watu walicheka. Katikati ya mlima Wulfrano alisimama, akaachia klachi, na gari likakohoa. Alijaribu tena. Likakohoa, likarudi nyuma hatua mbili, na abiria mmoja, mama mwenye ndoo ya tamale, vile vikate vya mahindi vya mvuke, akaruka nje akipiga ishara ya msalaba.

"Nguvu imekwenda wapi?" Wulfrano alilalamika. "Nimeseti juzi tu! Kumi, kama mzee!"

Nabor, mwenyekiti wa kituo, alikwenda kwenye gari la Amparo, akafungua boneti ya nyuma na kusoma kwa sauti, maana hakuna aliyeyaona maandishi yale akayasoma kimya. Alipofika mwisho aliuliza, "Vali?"

Mzee Fulgencio alikuwa amekaa kiti cha nyuma na abiria wengine wawili, mbele tu ya injini, kofia mapajani. Kioo kilikuwa wazi.

Jibu la kila siku lilikuwa tayari ulimini. Amparo alimtazama Wulfrano akiwa ameinama juu ya injini yake, akalimeza.

"Kumi na tano."

Madereva walimgeukia mzee.

"Unasema mzee alikosea?" Wulfrano aliuliza.

"Hakukosea. Injini ndiyo iliyobadilika. Silinda ya tatu inapata upepo uliokwisha kupashwa moto na kipoza oili. Vali yake inarefuka kuliko zote. Ukiibana kwa kumi itanyamaza, halafu haitafunga sawasawa, halafu itaungua. Nilipaswa kukwambia tangu mwaka jana, kaka. Niliona haya."

Hakumtazama baba yake. Aliingia, akavuta kamba ya kufungia mlango wa abiria, akawasha.

Taka-taka-taka. Walipanda kwa gia ya kwanza. Katikati alisimama, akavuta breki ya mkono, akasikiliza. Nyuma yake mzee alikuwa ameegemea, jicho moja limefumbwa, midomo ikihesabu.

"Moja. Nne. Tatu," alinong'ona. "Tatu inasikika."

"Inasikika, baba."

"Sasa unangoja nini? Nipeleke juu."

Aliachia klachi. Gari halikurudi nyuma hata unene wa kibati. Lilipanda mpaka mlango wa kanisa, na kengele za misa zilipolia, mzee alinung'unika kwamba zinamzuia kusikia.

Mchana mzee alitoa sanduku la rangi. Alichovya brashi, akaielekeza kwenye boneti, na ncha ikaanza kucheza hewani. Aliitazama kidogo, kisha akamkabidhi Amparo.

Tano aliyoichora Amparo juu ya sifuri ya mwisho ilitoka nene, imelalia upande.

"Umechora bata," mzee alisema.

"Nifute?"

"Usifute. Mpe kivuli. Upande wa kushoto, jua linatoka kulia. Usiharakishe."

Alipomaliza, aliinua mkono kushusha boneti, lakini baba yake alikwisha kuizuia kwa kijiti na kuvuta kiti chake kando yake. Wulfrano alikuwa anapandisha barabara kwa miguu, kalamu sikioni.

"Iache wazi, rangi ikauke," mzee alisema. "Na ligeuze gari kidogo. Maandishi yaangalie barabarani."